Historia ya Viungo Vinne vya Waya wa Redio ya Eropleni

Katika kisanduku cha fundi wa redio za eropleni aghalabu hupatikana viungo vinne vya chuma, vyote vikiwa na kazi moja tu ya kuunganisha redio na antena yake: kimoja kinene, chenye ncha iliyo kama msumari butu na nati pana ya kuzungushwa kwa vidole, cha pili kinene vivyo hivyo, lakini kimeundwa kwa hadhari zaidi na ndani yake mna pete ya mpira ya kuzuia maji, cha tatu chembamba, ambacho hufungwa kwa robo ya mzunguko kama singe ishikishwavyo kwenye mtutu wa bunduki, na cha nne, pacha wa huyo wa tatu, ila yeye hufungwa kwa hesi kama za parafujo. Mwanagenzi avionapo mara ya kwanza humwuliza mwalimu wake ni kipi kilicho bora, na mwalimu mwenye busara hamjibu upesi, kwa kuwa kila kimoja katika hivyo kilizaliwa na haja ya zama zake, na mtu asiyeijua haja hiyo hana budi kuchagua kwa macho, ilhali tafauti iliyo kubwa baina yao haionekani kwa macho.

Eropleni za kwanza kupakia redio hazikuwa na haja ya kiungo cha namna hii. Mawimbi yaliyotumika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na miaka iliyofuatia yalikuwa marefu, ya mamia ya mita, na antena yake ilikuwa ni uzi mrefu wa shaba uliofungwa risasi mwishoni, ukaachwa uning'inie nyuma ya chombo, ukifunguliwa kutoka katika gurudumu lake baada ya kuruka na kukunjwa tena kabla ya kutua. Na mpiga redio aliyesahau kuukunja aliuacha juu ya miti au mapaa ya watu. Uzi huo uliingia redioni kwa nati na skrubu ya kawaida, kama waya wa kengele ya mlangoni, wala hapana aliyejali umbo la mahali pale penye nati, maana wimbi lenye urefu wa mita mia tano halitambui kitu kilicho na ukubwa wa kidole.

Lakini maarifa yatakayohitajika baadaye yalikwisha kuandikwa zamani. Mwaka 1880, Mwingereza aitwaye Oliver Heaviside, aliyekuwa ameacha kazi ya kupeleka simu za maandishi akajifundisha hisabati ya juu peke yake, alipewa hataza ya waya ulio ndani ya waya: moyo wa shaba katikati, kihami kikiuzunguka, na nje ya kihami gamba la shaba likiufunika wote, hata moyo na gamba vikawa na mhimili mmoja, na kwa sababu hiyo ukaitwa kebo ya koaksia. Fadhila yake ni kwamba wimbi husafiri katika nafasi iliyo baina ya moyo na gamba kama mtu apitaye katika ujia wenye kuta pande zote, asisikike nje wala asisumbuliwe na makelele ya nje. Takriban miaka hamsini ikapita kabla ya Lloyd Espenschied na Herman Affel, wahandisi wa Marekani waliokuwa katika kazi ya simu, kuomba hataza yao mwaka 1929 na kuipata mwaka 1931, na mwaka 1936 kebo ya namna hiyo ikalazwa baina ya New York na Philadelphia kwa majaribio ya kupitisha mazungumzo mengi kwa pamoja.

Kebo ikishapatikana, huzuka swali la mwisho wake. Waya wa kawaida huishia popote ukatwapo, bali kebo ya koaksia ikikatwa ovyo hupoteza ujia wake, na wimbi lililokuwa likienda kwa faragha humwagika nje. Katika mji wa Chicago, Arthur Schmitt alikuwa ameanzisha mwaka 1932 kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Amphenol, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa soketi ya kuchomekea valvu za redio. Mhandisi wake mmoja, E. Clark Quackenbush, aliunda katika miaka hiyo ya 1930 kiungo kile kinene tulichokitaja kwanza: ncha yake ya katikati ina unene wa milimita 4 hivi, na nati yake huzunguka juu ya hesi yenye upana wa sehemu tano kwa nane za inchi. Wamarekani waliiita plagi yake PL-259 na soketi yake SO-239, na jamii nzima wakaipa herufi UHF, yaani masafa ya juu kupita kiasi.

Hapa ndipo palipofichwa mtego ambao umewanasa mafundi wengi tangu siku hizo. Zama za Quackenbush, watu wa redio walihesabu kwamba chochote kilicho juu ya megahezi 30 kimekwisha kuwa juu kupita kiasi, na kiungo chake kilistahili jina hilo. Lakini baadaye mataifa yaligawa masafa upya kwa istilahi maalumu, na herufi zile zile zikahamishwa kwenye eneo la megahezi 300 hadi 3,000, ambalo ndilo hasa eneo ambalo kiungo hicho hakiliwezi. Jina likabaki limechorwa katika vitabu vya bei na katika ndimi za wauzaji, ilhali maana yake imehama, kama mtaa uitwao Mwembeni ambao mwembe wake ulikatwa kabla babu zetu hawajazaliwa.

Vita vya Pili vilipokuja viliyafupisha mawimbi kwa haraka ambayo amani isingeithubutu. Mwaka 1940 ndege za kivita za Uingereza zilikuwa zikiachishwa redio zao za mawimbi marefu zaidi na kupewa zile za VHF, yaani masafa ya juu sana, ambazo sauti yake ilikuwa safi zaidi, na Wamarekani wakaiga redio ya Kiingereza TR1143 wakaunda yao, SCR-522, iliyofanya kazi baina ya megahezi 100 na 156, yenye njia nne zilizotengwa kwa fuwele, rubani akichagua njia kwa kubonyeza kitufe. Katika masafa hayo wimbi lina urefu wa mita mbili au tatu tu, na antena yake ni mlingoti mfupi uliosimama juu ya mgongo wa eropleni. Na kwa kuwa redio ilikaa mbali na mlingoti, ilibidi kebo ya koaksia ipite katikati yake.

Kebo hiyo nayo ilipata bahati iliyotoka pengine. Tarehe 27 Machi 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakibana gesi kwa shinikizo kubwa mno kwa makusudio mengine kabisa, wakakuta katika chombo chao kitu cheupe kama nta. Nayo ilikuwa ndiyo polithini, ambayo leo tunaijua kwa mifuko. Kiwanda chake kilianza kazi Septemba 1939, mwezi ule ule wa vita, na polithini ikapelekwa moja kwa moja katika kebo za rada, kwa sababu mpira uliotumika hapo kabla hulinyonya wimbi fupi na kuligeuza joto, ilhali polithini huliacha lipite karibu kama hewa.

Rada ndiyo iliyokifichua kiungo cha Quackenbush. Februari 1940, katika chuo kikuu cha Birmingham, John Randall na Harry Boot waliwasha magnetroni yao, valvu yenye kutoa nguvu kubwa kwa wimbi la urefu wa sentimita kumi hivi, na mwaka ule ule siri hiyo ikachukuliwa Marekani na ujumbe ulioongozwa na Henry Tizard. Sasa fikiri jambo hili. Ndani ya kebo, uwiano baina ya unene wa moyo na upana wa gamba, pamoja na tabia ya kihami, huamua kiasi cha ukinzani ambao wimbi huukuta, na wimbi hupita kwa salama maadamu ukinzani huo haubadiliki. Lakini likifika mahali ambapo uwiano umevunjika, sehemu yake hugeuka na kurudi lilikotoka, kama mwangwi urudivyo kutoka ukutani. Kiungo cha Quackenbush hakiutunzi uwiano huo, na urefu wake ni sentimita chache: mbele ya wimbi la mita tatu sentimita hizo ni kokoto njiani, lakini mbele ya wimbi la sentimita kumi ni jabali. Hata megahezi 1,090, tutakazozifikia punde, wimbi lake ni sentimita ishirini na saba na nusu hewani, na ndani ya kebo huwa fupi zaidi.

Aliyetatua mushkeli huo alikuwa Paul Neill wa Bell Labs, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1940 aliunda kiungo cha pili katika kisanduku chetu, kile chenye pete ya mpira, na kikaitwa N kwa herufi ya kwanza ya jina lake. Kwa macho ya mbali N na UHF ni kama mandugu, lakini Neill alichonga sehemu za ndani hivi kwamba wimbi liingiapo halioni kuwa limetoka katika kebo na kuingia katika chuma, na mpira wake ukakifanya kivumilie mvua. Ukinzani uliozoeleka kuwa kanuni ulikuwa omu 50, na hesabu yake haikosi ladha: kebo yenye hewa ndani hubeba nguvu nyingi zaidi ikiwa na omu 30 hivi, na upotevu wake wa nguvu huwa mdogo kabisa ikiwa na omu 77 hivi, basi 50 ni suluhu baina ya mahasimu wawili, ambamo kila mmoja ametoa kidogo ili kazi iende.

N ilikuwa nzuri lakini nzito, na kuifunga kunataka mizunguko mingi ya vidole mahali ambapo aghalabu vidole havifiki. Carl Concelman wa Amphenol aliunda kiungo kingine, kikaitwa C, ambacho hufungwa kwa singe badala ya hesi. Kisha fikra za wawili hao zikakutana katika kiungo kidogo kilichoitwa BNC, yaani Singe ya Neill na Concelman, ijapokuwa hataza ambayo kiungo hicho kilisimama juu yake iliombwa mwaka 1945 na mtu wa tatu, Octavio Salati wa kampuni ya Hazeltine, akaipata mwaka 1951. Mafundi, ambao hawapendi herufi zisizo na kisa, walizitungia maana zao wenyewe: wako waliosema kuwa ni kiungo cha jeshi la maji la Uingereza, na wako waliosema kuwa ni N mtoto. Ila kazi yake haikutaka tafsiri: unasukuma, unazungusha robo, kidoko kinaingia mahali pake, na kwa namna hiyo hiyo unakifungua, hata gizani nyuma ya ubao wa vipimo. Kwa redio ya rubani ya megahezi 118 hadi 137 kinatosha na kuzidi, maana kinahesabiwa kufika megahezi 4,000.

Hata hivyo, singe ina aibu yake, na eropleni ndiyo iliyoitangaza. Gamba la BNC hushikana na mwenziwe kwa nguvu ya springi, na chombo kitetemekapo saa baada ya saa, kwa injini ya pistoni au kwa ukali wa jeti, sehemu hizo huchezacheza kiasi kidogo kisichoonekana, na kila mchezo ukabadili mgusano wa gamba na kutoa mkwaruzo ambao redio huusikia kama kelele. Na wimbi lizidipo kuwa fupi, kelele hiyo huzidi. Dawa yake, iliyopatikana mwishoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa kuuchukua mwili wa BNC na kuuvua singe, ukavishwa hesi nyembamba zikazwazo hadi chuma kikagusana na chuma bila nafasi ya kucheza. Nacho ndicho kiungo cha nne, TNC, kinachofika megahezi 11,000. Hivyo katika muda wa miaka isiyozidi thelathini watu walitoka kwenye hesi wakaenda kwenye singe ili wapate wepesi, kisha wakarejea kwenye hesi ili wapate utulivu, wala safari ile haikuwa bure, kwa kuwa hesi waliyorejea nayo ilikuwa ndogo na yenye umbo sahihi ndani.

Kuchagua kiungo bila kuchagua namna ya kukifunga kwenye kebo ni nusu ya kazi. Njia ya kale ni lehemu, na fundi mwenye mkono mwepesi huifanya kwa uzuri. Lakini polithini hulainika penye nyuzijoto mia na zaidi kidogo, ilhali chuma cha kulehemu hupita mia tatu, na sekunde mbili za ziada hutosha kuuacha moyo wa kebo ujongee kutoka katikati, na ukijongea, uwiano wa Neill umevunjika ndani ya kiungo ambacho kwa nje kinang'aa. Fauka ya hayo, lehemu hupanda baina ya nyuzi za waya na kuzigandisha, na pale ugumu uishiapo ndipo mtikisiko unapoukata waya. Mwaka 1941 ilianzishwa Marekani kampuni iitwayo Aircraft-Marine Products kwa ajili ya ncha za waya zinazobanwa kwa koleo badala ya kulehemewa, maana viwanda vya eropleni na meli za vita vilitaka viungo vingi, vya haraka na vinavyofanana. Na miaka iliyofuata kubana kukaingia katika viungo vya koaksia pia, kwa pete nyembamba inayovalishwa juu ya wavu wa shaba ulio gamba la kebo na kuminywa na koleo lenye taya za pembe sita. Njia hii nayo ina sharti lake, ambalo ni kwamba kebo, kiungo na koleo viwe vimeumbiana. Pete iliyokusudiwa kebo ya wavu mmoja huenda isiukubali wavu wa mara mbili.

Nyavu mbili zinatuleta kwenye kebo yenyewe. RG-58, ambayo herufi zake ni urithi wa orodha za majeshi ya Marekani wakati wa vita, ina kihami cha polithini na ngozi ya PVC, na kwa miongo mingi ndiyo iliyowekwa katika eropleni ndogo kwa sababu ya urahisi wa bei yake; lakini PVC ikiungua hutoa moshi wenye asidi, na katika chumba kidogo kilicho angani moshi huo hauna pa kwenda ila mapafuni mwa waliomo. Badala yake ilipatikana katika ajali nyingine ya maabara: tarehe 6 Aprili 1938, Roy Plunkett wa DuPont alifungua mtungi uliodhaniwa kuwa mtupu akakuta unga laini usioshikamana na kitu, ambao dunia huuita tefloni. Kebo ya RG-400, yenye kihami cha tefloni na nyavu mbili za shaba iliyopakwa fedha, huvumilia nyuzijoto 200, haiogopi lehemu, wala haishiki moto kwa urahisi; na unene wake ni sawa na wa RG-58, hata inaweza kupita katika tundu lile lile.

Baada ya vita, masafa ya eropleni ya kiraia yaliongezeka kama wapangaji katika nyumba moja. Vipokezi vya kuongozea njia vilikaa kuanzia megahezi 108, mazungumzo ya rubani na mnara juu yake, kipimo cha mteremko wa kutua karibu na 330. Kisha transponda, mrithi wa kile chombo cha vita kilichomjulisha rafiki na adui, ikapokea maswali ya rada katika 1,030 na kuyajibu katika 1,090. Na mwishowe setilaiti za kuonyesha mahali zikaleta 1,575.42. Katika ndege kubwa za abiria, redio zilitengenezwa kuwa masanduku yanayosukumwa ndani ya rafu, na viungo vya koaksia vikafichwa nyuma yake vikutane vyenyewe bila kuguswa na mkono. Ila katika eropleni ndogo kila kiungo bado ni kazi ya vidole, na kila uamuzi ni wa fundi. Na katika viwanja vya pwani, kama Mombasa, Unguja na Lamu, hesabu huongezwa chumvi ya kaskazi na kusi, ambayo hupenya penye unyevu baina ya kitako cha antena na bati la aluminiamu, na kulifanya bati livimbe kwa unga mweupe hata gamba la kebo likakosa pa kushika.

Tumrudie basi yule mwanagenzi, ambaye bado amesimama mbele ya kisanduku. Mwalimu wake anamwagiza atazame kwanza masafa, kisha mtikisiko, kisha joto na moto, na baada ya hayo ndipo anyoshe mkono. Kwa redio ya rubani wanachukua BNC. Kwa transponda na antena ya setilaiti wanachukua TNC, na kote wanapitisha RG-400. Mwanagenzi anaukata wavu kwa kipimo, anavalisha pete, anabana mara moja, kisha anauvuta waya kwa nguvu ya mkono ili auone kama utateleza, na anapima kuhakikisha kwamba moyo haugusani na gamba. Mwalimu anaiandika kazi hiyo katika kitabu cha chombo na kutia sahihi. Kile kinene cha Quackenbush anakirudisha kisandukuni, akikifuta vumbi kwanza, kwa kuwa redio ya kituo cha nchi kavu, iliyo chini ya megahezi 30, bado inakitumia.